Sura ya Nne: Mwandishi wa Habari Anasomea Nini Chuo Kikuu?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mabishano huhamia sebuleni. Mtoto kamaliza HKL au HGL, kafaulu, na baba alishapanga mapema kwamba huyu atasoma sheria. Mama anaona ualimu ndio salama. Mtoto mwenyewe anasema anataka uandishi wa habari. Hapo mjomba, aliyekuwa kimya akinywa chai, anauliza swali ambalo Watanzania wengi wamekuwa wakiuliza kwa miaka: "Hivi kuandika habari nako ni kwa kwenda kukaa chuo miaka mitatu? Mbona yule wa redioni hajasoma popote na anasikika nchi nzima?"

Mjomba asibezwe. Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi anayopewa. Wapo watangazaji na waandishi wakubwa wasiokanyaga darasa la fani hii, na wapo wenye shahada waliokaa chumba cha habari miezi sita wakaondoka bila stori hata moja ya kukumbukwa. Sura hii inalichukua swali hilo na kulipeleka mahali pamoja hasa: chuo kikuu kikubwa cha umma, mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mwanafunzi wa habari ni mmoja kati ya makumi ya maelfu ya wanafunzi wa kila fani.

Mwanzilishi asiye na shahada

Shule ya kwanza ya uandishi wa habari duniani inayotambuliwa hivyo na wengi ilifunguliwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, ambacho ni chuo cha umma. Aliyeipigania na kuwa mkuu wake wa kwanza ni Walter Williams, mhariri wa gazeti la mji wa Columbia. Williams mwenyewe hakusoma chuo kikuu. Alianza kama kijana wa kujifunza kazi kwenye mtambo wa kuchapa, akapanda hadi uhariri, na mwaka 1931 akawa rais wa chuo kikuu kizima.

Kwa hiyo mjomba ana shahidi mzito. Ila shahidi huyo anamgeuka, maana Williams ndiye aliyesema njia aliyopita yeye haitoshi. Aliona mwandishi anahitaji kujua historia, uchumi, lugha na sheria, na kwamba mambo hayo chumba cha habari hakina muda wa kuyafundisha, kwa sababu gazeti la kesho lazima litoke.

Jambo la pili alilofanya ndilo lililobaki. Tarehe 14 Septemba 1908, siku ya kwanza ya masomo, wanafunzi wake walitoa gazeti. Halikuwa zoezi la kupata maksi likaishia kabatini. Lilikuwa gazeti la kuuzwa mjini, na makosa yake yalisomwa na watu wa mjini. Gazeti hilo lipo hadi leo kwa jina la Columbia Missourian: wanafunzi wanaandika, wahariri wao ni walimu. Chuo hicho kina pia kituo cha televisheni, KOMU, kilichoanza mwaka 1953, ambako wanafunzi hurusha habari kwa watazamaji wa kawaida.

Ndivyo daktari anavyofundishwa Muhimbili: kitabu anasoma, lakini mgonjwa aliye mbele yake anaumwa kweli.

Kutoka TSJ hadi Mlimani

Afrika Mashariki ilianza baadaye. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shule yake ya uandishi wa habari mwaka 1970. Makerere ilianza shahada ya mawasiliano ya umma mwaka 1988. Tanzania ilikuwa na chuo cha serikali, TSJ, kilichofunguliwa mwaka 1975 jijini Dar es Salaam, na upande wa Mwanza kulikuwa na Nyegezi, chuo cha Kanisa Katoliki ambacho mwaka 1998 kilizaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino.

TSJ ilifaa nchi ya wakati ule. Magazeti yalihesabika kwa vidole: Daily News, Uhuru, Mzalendo na mengine machache. Redio ilikuwa RTD. Bara haikuwa na televisheni kabisa hadi miaka ya 1990. Mwandishi aliyetoka chuoni alijua anakokwenda, na mwajiri wake alikuwa serikali au chama. Kisha vikaja vyama vingi, vituo binafsi na magazeti kwenye kila kona ya mtaa. Mwaka 2003 TSJ iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye ikawa Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi cha SJMC. Shule hiyo ikapata redio na televisheni za kujifunzia zinazobeba jina la Mlimani.

Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko kubadilisha kibao cha getini. Chuo cha fani moja kina walimu wa fani moja. Chuo kikuu kina mwanajiolojia, mwanasheria, mtakwimu, mchumi na mtaalamu wa samaki, wote ndani ya uzio mmoja. Kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Kina maktaba kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018. Kwa mtu ambaye kazi yake itakuwa kuuliza maswali, hiyo ni hazina. Kama ataitumia ni hadithi nyingine, na tutaifikia.

Na makanjanja je?

Kanjanja, kwa wasiolijua neno hili la vyumba vya habari, ni mtu anayejiita mwandishi bila kuwa na sifa: anahudhuria mikutano, anajaza kitabu cha mahudhurio, anachukua posho, habari haitoki popote. Kwa miaka mingi neno hilo lilikuwa tusi tu. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ililifanya suala la kisheria, kwa kuweka utaratibu wa ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya uandishi. Kanuni zilizofuata mwaka 2017 ziliweka kiwango cha chini cha elimu kuwa stashahada, na waliokuwa kazini bila sifa hiyo wakapewa miaka 5 ya kwenda kusoma. Watu wazima wenye miaka 20 kazini walirudi darasani, wengine wakikaa dawati moja na vijana wa umri wa watoto wao.

Si wote waliokubali. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vikiwemo vya ithibati, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Hoja ya wapinzani ni rahisi kueleweka: ukimpa mtu mamlaka ya kusema nani aandike, umempa pia mamlaka ya kusema nani asiandike.

Kitabu hiki kinaona pande zote mbili zinachanganya elimu na kibali. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, wala hakusomea uandishi wa habari, na mwaka 1966 akawa mhariri wa The Nationalist na Uhuru, kisha Daily News, kisha mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Habari, Shihata. Hakuna aliyemwita kanjanja. Alikuwa na elimu pana na akapata chumba cha habari cha kumnoa. Vitu hivyo viwili ndivyo shahada nzuri inavyojaribu kuvikutanisha, na ni haki kumpima mhitimu kwa hivyo, kuliko kwa cheti alichokitundika ukutani.

Kwa ufupi: Sheria ya Tanzania inataka angalau stashahada. Shahada ya chuo kikuu ni zaidi ya matakwa ya sheria. Anayeisomea anatafuta upana wa elimu na mazoezi ya kazi, na asipopata vyote viwili amepoteza ada.

"Hati safi" na bei ya unga

Upana huo unasaidia nini? Mifano miwili inatosha.

Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, humkabidhi Rais ripoti zake, na mwezi Aprili zinafika bungeni. Ni vitabu vinene, kurasa mamia kwa mamia. Waandishi wengi husubiri mkutano wa CAG na wanahabari, wakachukua anachokisema, wakarudi ofisini. Siku inayofuata utasoma kwamba halmashauri fulani "imepata hati safi", na msomaji ataelewa kwamba pale hakuna aliyeiba. Sivyo. Hati safi, au hati inayoridhisha, maana yake ni kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata kanuni na zinaonesha hali halisi bila kasoro kubwa. Halmashauri inaweza kupata hati safi na bado ndani ya ripoti hiyohiyo, kurasa chache mbele, ikatajwa kwa manunuzi yasiyofuata utaratibu. Habari iko kwenye kurasa hizo. Mwandishi aliyewahi kukaa darasa la uhasibu, hata muhula mmoja, anajua pa kufungua.

Mfano wa pili uko dukani. Taarifa inasema mfumuko wa bei umeshuka kutoka asilimia 5 hadi 3. Mwandishi anaandika: "Bei za bidhaa zashuka." Mama lishe anayenunua unga anajiuliza kama wanaishi nchi moja. Bidhaa iliyouzwa Sh10,000 ikapanda kwa asilimia 5 ilifika Sh10,500. Mwaka uliofuata ikipanda kwa asilimia 3 inafika Sh10,815. Hakuna kilichoshuka isipokuwa kasi ya kupanda. Kosa hilo huchapishwa tena na tena, na halitokani na uvivu wa miguu. Mwandishi alifika kwenye mkutano, akaandika alichosikia, ila hakukielewa.

Masomo ya aina hii wanafunzi wengi huyaona kama mzigo. Wanataka kushika kamera. Stadi za Maendeleo, somo ambalo Mlimani wanaliita DS kwa kifupi, husomwa kwa ajili ya mtihani na kusahaulika siku ya boom, yaani siku fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo zinapoingia. Miaka kumi baadaye wahitimu haohao watakwambia kamera walijifunza ndani ya mwezi mmoja, bali uchumi wanautafuta mpaka leo.

Aya moja na kalamu nyekundu

Hata hivyo, kazi yenyewe ya uandishi inafundishwa kwa namna moja tu: kuandika, kusahihishwa, kuandika tena. Tuseme hosteli imekosa maji. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatumwa, anarudi na aya hii ya kwanza, ambayo vyumba vya habari huiita intro:

"Katika hatua ya kuhakikisha kwamba changamoto ya maji inapatiwa ufumbuzi wa kudumu, uongozi wa hosteli umewataka wanafunzi kuwa wavumilivu wakati jitihada mbalimbali zikiendelea kufanyika."

Maneno 24, na msomaji hajui kitu. Mwalimu mzuri hamwandikii upya. Anachora duara kwenye "changamoto", duara kwenye "jitihada mbalimbali", halafu anauliza pembeni: Maji yamekatika tangu lini? Kwa nini? Jitihada gani? Nani kasema? Umeongea na fundi? Mwanafunzi anarudi hosteli. Kwenye chumba cha pampu anamkuta fundi, na fundi hana sababu ya kupamba maneno. Aya ya pili inasomeka hivi:

"Wanafunzi wa hosteli hiyo wamekaa siku nne bila maji baada ya pampu kuungua Jumapili usiku, na fundi anasema kifaa kipya hakijaagizwa."

Maneno yamepungua, habari imeingia. Lakini mwalimu bado hajaridhika. Kifaa hakijaagizwa na nani? Meneja anasemaje kuhusu kauli ya fundi? Fundi akitajwa jina, kibarua chake kitakuwa salama? Swali hilo la mwisho ni la maadili, na limekuja lenyewe kutoka kwenye pampu, bila kusubiri muhula wa somo la maadili.

Mpangilio anaofundishwa hapo unaitwa piramidi iliyogeuzwa: jambo zito linakaa juu, mengine yanafuata kwa kadiri ya umuhimu, ili mhariri akikosa nafasi akate kutoka chini bila kuua stori. Maswali yake ni sita: nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Mjomba ana haki ya kusema haya yanafundishika kwa wiki moja. Ni kweli, kuyakariri ni wiki moja. Kuacha kuandika "katika hatua ya kuhakikisha kwamba" kunachukua muda mrefu zaidi, maana ndiyo lugha ya ofisi, risala na taarifa kwa umma ambayo kijana ameisikia tangu shule ya msingi.

Pale chuo kikubwa kinapokwama

Kazi ya kalamu nyekundu haiendi na umati. Mwalimu mwenye wanafunzi 15 anaweza kurudisha kila stori mara tatu. Akiwa na ukumbi uliojaa, hawezi, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Anaishia kutoa mtihani wa "taja na ueleze sifa za habari", na mwanafunzi anaweza kupata A bila kuandika habari moja iliyosomwa na mtu. Huu ndio udhaifu mkubwa wa kusomea fani hii chuo cha umma, na wahitimu wenyewe huusema kabla hujawauliza.

Kuna tatizo jingine lisilozungumzwa sana: lugha. Masomo chuo kikuu ni kwa Kiingereza. Ajira nyingi za habari Tanzania ni za Kiswahili: Mwananchi, Nipashe, HabariLeo, TBC Taifa, redio za mikoani na za kijamii. Kijana anajifunza miaka mitatu kupanga sentensi kwa lugha moja, kisha anaajiriwa kuandika kwa nyingine. Matokeo yake yanasikika kila saa ya taarifa ya habari, katika sentensi ndefu zisizojua zinaishia wapi. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili iko hapohapo chuoni. Wanafunzi wa habari wanaochukua somo la huko bila kulazimishwa ni wachache, na hao wachache wahariri huwatambua mapema.

Kisha kuna mafunzo kwa vitendo, "field" kwa lugha ya wanafunzi, ambapo wanakwenda kwenye vyombo vya habari kwa wiki kadhaa za likizo ndefu. Wengine hupata mhariri anayewashika mkono. Wengine hutumwa kununua vocha na kuhudhuria mikutano ya waandishi ambayo hakuna mwingine anayeitaka. Huko ndiko wengi hukutana kwa mara ya kwanza na bahasha. Mkutano umeisha, afisa uhusiano anapita akigawa "nauli". Darasani waliambiwa wakatae. Kwenye kiti cha pili kakaa mwandishi mkongwe wanayemheshimu, naye kaipokea na kuiweka mfukoni bila kuhesabu. Maadili yaliyosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania tangu miaka ya 1990 yako wazi kuhusu jambo hilo. Mishahara ya vyombo vingi, na malipo ya kila stori kwa mwandishi asiye na ajira ya kudumu, haiko wazi vilevile. Chuo kinachofundisha maadili bila kuzungumzia njaa ya korespondenti wa wilayani kimefundisha nusu.

Kwa ufupi: Chuo kikubwa kinatoa elimu pana na vyanzo vingi vya habari. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuisoma kazi ya mwanafunzi mstari kwa mstari. Mwanafunzi anayetaka hilo lazima alifuate mwenyewe: redio ya chuo, gazeti la wanafunzi, au mhariri aliyemfahamu akiwa field.

Kabla ya kujaza fomu

Familia inayobishana sebuleni ingefaidika zaidi kwa kuuliza maswali haya kabla ya kuchagua chuo:

- Redio, televisheni au gazeti la chuo lipo hewani kweli, na wanafunzi wa mwaka gani wanaruhusiwa kufanya kazi humo?
- Darasa la uandishi lina wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja?
- Mwanafunzi anaruhusiwa kuchukua masomo ya idara nyingine, kama uchumi, sheria au takwimu?
- Walimu wangapi wamewahi kufanya kazi kwenye chumba cha habari, na lini?

Majibu hayapatikani kwenye tangazo la udahili. Yapo kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu, ambao hupenda sana kulalamika na kwa hiyo ni vyanzo vizuri. Mtoto anayetaka kuwa mwandishi awatafute mwenyewe. Akishindwa kupata majibu ya maswali manne kutoka kwa watu walio tayari kuongea, baba ana hoja kuhusu sheria.

Na kama ada ya shahada haipo, au alama hazikutosha, mlango haujafungwa. Stashahada inatosheleza matakwa ya kanuni, na mwenye stashahada yenye GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba kuingia chuo kikuu baadaye kwa sifa linganifu, akiwa tayari ameshaonja kazi. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Usome mwongozo wa mwaka huu, usitegemee wa kaka aliyeingia miaka mitatu iliyopita, kwa sababu sifa za kozi hubadilika.